Tunapowasifia Watoto Zama Zetu



Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mtu mzima hulifanya, tena aghlabu hulifanya kwa nia njema, wala hapana anayelihesabu kuwa ni katika mambo tutakayoulizwa. Jambo lenyewe ni kuwasimulia watoto habari za utoto wetu. Hukaa mzee barazani baada ya sala ya Alasiri, wajukuu wakamzunguka, akaanza: "Zama zetu sisi..." Hapo zama hizo huwa tamu kama halua. Vitu vilikuwa madhubuti, watu walikuwa waaminifu, watoto walikuwa mashujaa, na kila mchezo wa hatari ulikwisha kwa kicheko. Swali langu ni hili: mzee huyo anapoitaja zamani kwa mazuri yake tu, amesema kweli? Na mtoto akidhurika kwa kuyafuata aliyoyasikia, je, mzee hana lawama?

Swali hili sikulitoa kitabuni. Lilinijia mlangoni kwangu, nami nitakueleza lilivyonijia.

Kijiji cha mpakani

Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Kasesya. Yamkini wewe uliyeko Lamu, Mombasa, Tanga au Unguja hujapata kulisikia jina hili. Kasesya iko katika mkoa wa Rukwa, kusini ya Sumbawanga. Ukitoka Matai, makao makuu ya wilaya ya Kalambo, unakwenda kiasi cha kilomita 50 ndipo unapofika penye kizuizi cha mpaka. Ng'ambo yake ni Zambia, na njia inaendelea mpaka mji wa Mbala, ambao zama za ukoloni ukiitwa Abercorn. Ni nchi ya juu, nchi ya Wafipa na Wamambwe, yenye baridi ya kutetemesha meno mwezi wa Juni na Julai. Minazi hakuna, bahari hakuna, na Waislamu si wengi. Baba yangu alikuja kutoka Ujiji na cherehani moja, akaiweka katika baraza ya duka, akaoa mwanamke wa Kimambwe, nami nikazaliwa mwaka 1960.

Kitabu cha picha

Katika miaka ya 1960 mjomba wangu alikuwa akifanya kazi katika migodi ya shaba ya Zambia. Mwaka mmoja alikuja likizo akiwa na kitabu kinene kilichojaa picha za bidhaa, wenyewe wakikiita katalogi. Vitabu vya namna hii vilitolewa na nyumba za biashara za Uingereza, kama Oxendale ya mji wa Manchester, na wafanya kazi wa migodini walikuwa wakiagiza kwavyo nguo, viatu na saa. Mtu huchagua kitu kwa picha, hujaza fomu, hutia hawala ya posta katika bahasha, kisha hungoja.

Biashara hii haikuanzia kwetu. Kule Marekani, Montgomery Ward wa Chicago aliianza mwaka 1872. Sears wakaja baada yake, na kitabu chao kikubwa kikaingia katika nyumba za wakulima hata walipokisimamisha mwaka 1993. Uingereza nayo ilipoanza kupeleka vifurushi kwa posta mwaka 1883, mwenye duka wa Manchester aliweza kumwuzia mtu asiyepata kuuona mlango wake. Nyinyi watu wa pwani mnaijua posta kwa wema wake mwengine, kwani gazeti la al-Manar, lililoanzishwa Cairo mwaka 1898, lilikuwa likisomwa na wanavyuoni wa Unguja na Mombasa waliolingoja lije kwa meli. Kila mtu na alichokiagiza.

Kwetu sisi watoto wa Kasesya katalogi ile ilikuwa kama dirisha. Baba aliitundika kwa uzi karibu na cherehani. Wateja wakija huweka kidole juu ya picha wakasema, "Fundi, nishonee kama hili," naye hutazama mikunjo na vifungo, akashona kwa marikani lililotoka kitu cha kufanana nacho. Mtu akitaka kuagiza viatu, baba humkanyagisha juu ya karatasi, akachora mguu wake kwa kalamu ya risasi, karatasi ile ikatiwa bahashani ikaenda zake Ulaya. Sisi tulikuwa na mchezo wetu: ukifungua ukurasa, wa kwanza kuweka kiganja juu ya picha ndiye mwenye kitu. Mimi nilikuwa na saa tatu za mkononi na kurunzi isiyo idadi. Rafiki yangu, ambaye sitamtaja jina kwa kuwastahi jamaa zake, hakutaka saa wala kurunzi. Yeye alikuwa na ukurasa mmoja tu, ukurasa wa baiskeli.

Kifurushi kikiagizwa kilichukua miezi. Kilikuja kwa meli, kikapanda gari moshi, kikapanda basi, kikalala posta ya Mbala, kisha kikaletwa kwa lori lililokuwa likipita kwetu mara moja kwa juma. Mara nyingine kilifika na kamba yake haijafunguliwa. Mara nyingine kilifika kimefunguliwa. Mara nyingine nguo ilikuwa ya rangi nyengine, au suruali ya kumwenea mtu wawili. Hayo ya mwisho, ndugu msomaji, mimi mwenyewe nilikuwa nimezoea kuyaacha kila nikisimulia.

Michezo yetu

Ama michezo yetu, lau wazee wangaliiona yote wangalitufunga kamba. Tulikuwa na manati, na kila mmoja aliwinda ndege kwa kokoto na akavunja angaa chungu kimoja cha mama yake. Tulipanda juu ya matanuru ya kale ya kuyeyushia chuma, ambayo Wafipa huyaita malungu. Ni matanuru marefu ya udongo yaliyoachwa mwituni, na ndani yake kunaweza kuwa na nyoka. Tulitengeneza vibunduki vya chuma chakavu na unga wa viberiti, vikalia hata mbwa wakakimbia. Na tulidandia lori.

Lori la Mbala lilipokuwa likikaribia kijiji lilipanda mwinuko, likapunguza mwendo mpaka mtu akaweza kulifuata kwa miguu. Sisi hujificha majanini. Likishapita tunalikimbilia kwa nyuma, tukashika ubao, tukaning'inia mpaka dukani, ili tuwe wa kwanza kujua kama kifurushi kimekuja. Nyinyi mna yenu: kijana wa Unguja hujitupa baharini kichwa mbele pale Forodhani, na mtoto wa Lamu hujining'iniza tezini mwa mashua. Furaha ni moja.

Habari hii ya lori ndiyo niliyokuwa nikipenda kuwasimulia wanafunzi wangu kila darasa linapokuwa zito. Nimeisimulia miaka mingi. Nilikuwa hata nikiigiza jinsi tulivyokimbia, nao wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Dada aliyekuja na swali

Siku moja, si zamani sana, niliisimulia tena. Hazikupita siku nne, mtoto mmoja wa miaka kumi akaning'inia nyuma ya tela la lori lililokuwa katika foleni ya kuvuka mpaka. Lori likaondoka, mtoto akaanguka, akavunjika mkono. Alhamdulillahi hakufa.

Jioni yake bibi yake akaja kwangu. Ni mwanamke wa umri kama wangu, mpole, tumekua pamoja kijiji kimoja.

"Hodi, Shehe."

"Karibu, dada."

"Mjukuu wangu anasema wewe uliwasimulia mlivyokuwa mkidandia lori la Mbala."

"Ni kweli, dada. Niliwasimulia."

"Ulimtaja kaka yangu?"

Nikanyamaza.

"Nakuuliza, Shehe. Ulimtaja kaka yangu, au hukumtaja?"

"Sikumtaja."

"Basi ulikuwa ukisimulia habari za nani?"

Hakupaza sauti wala hakunilaumu kwa neno jengine. Aliniaga akaenda kumtazama mgonjwa wake. Mimi nikabaki mlangoni, na sala ya Magharibi ile niliisali moyo wangu haupo.

Nisikilize sasa, ndugu msomaji, kwani nitakueleza ile sehemu ya habari ambayo sikuwaeleza wanafunzi wangu.

Ilikuwa mwaka 1969. Lori lilipanda mwinuko, tukalikimbilia. Mimi nilishika kwanza, rafiki yangu wa ukurasa wa baiskeli akashika baada yangu. Mguu wake ukateleza, akaanguka barabarani, goti likachanika juu ya changarawe na udongo ukaingia ndani. Aliinuka mwenyewe. Alicheka, na mimi nikacheka. Kisha nikamwambia maneno ambayo sijayasahau: afunike lile jeraha, asimwonyeshe mtu, kwa sababu baba yangu akijua atatucharaza sote wawili. Akalifunika, akawa anakwenda pole pole ili asichechemee mbele ya wazee. Siku ya nane taya zake zikakaza. Watu wengine wakasema ni pepo, na hata jina la maradhi haya katika lugha yetu, pepopunda, limebeba dhana hiyo, hali ya kuwa ni vijidudu vya udongoni vinavyoingia katika jeraha. Hospitali ilikuwa mbali, na lori lilikuwa bado kurudi. Alifariki kabla halijarudi.

Na kifurushi tulichokikimbilia siku ile kilikuwa na mkasi wa baba na saa ya mwalimu mmoja wa skuli. Hakikuwamo kitu chetu.

Sisemi kwamba lau angelionyesha jeraha lake angelipona, maana ajali ya kila mtu imeandikwa, wala mja hawezi kuipinga. Lakini kadari si pazia la kufichia kosa. Yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila ya kamba kwa kumtegemea Mwenyezi Mungu, Bwana Mtume (S.A.W.) alimwamuru amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Mimi nilifanya makosa mawili. La kwanza nilikuwa mtoto wa miaka tisa, nikaficha jeraha. La pili nilikuwa mtu mzima mwenye kilemba, nikaficha habari yake. La kwanza nataraji rehema ya Mola wangu. La pili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Hukumu ya muuzaji

Nilipopelekwa Ujiji kusoma, nilifika katika mlango wa biashara wa kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, ambacho wanavyuoni wa pwani wanakijua vyema. Humo imeelezwa kuwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafi ni kwamba kuuza kitu ambacho wenye kuuziana hawajakiona hakusihi. Wafuasi wa Imam Abu Hanifa wamekubali, lakini wamempa mnunuzi khiyari ya kukirudisha atakapokiona. Tena iko biashara ya salam, ya kutanguliza fedha kwa kitu kitakacholetwa baadaye. Bwana Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakitanguliza fedha za tende kwa mwaka na miaka miwili. Hakuwakataza, bali aliwaamuru kipimo kijulikane, uzani ujulikane na muda ujulikane. Nikaikumbuka katalogi ya mjomba, nikacheka peke yangu.

Siku ile hekima ya masharti haya sikuizingatia sana. Sasa naiona. Maulamaa wamehitalifiana katika njia, lakini wote walikuwa wakimlinda mtu mmoja, naye ni yule anayetoa mali yake kwa kitu asichoweza kukigeuza na kukitazama upande wa pili. Ama anyimwe biashara hiyo, ama apewe njia ya kurudisha, ama aelezwe sifa zake zote kwa ukamilifu.

Basi hebu, ndugu msomaji, itazame zamani. Ipo bidhaa isiyoonekana kuliko hiyo? Mjukuu hawezi kurudi mwaka 1969 akaishika, akaivuta mishono, akaona kama kitambaa kimeoza. Analo neno la babu yake tu. Babu ndiye muuzaji, tena ndiye katalogi, na picha zake zote zimepigwa jua likiwa zuri. Na mtoto analipa, tusidanganyike. Analipa kwa kutamani zama ambazo hazikuwapo kama zilivyosimuliwa. Analipa kwa kuziona siku zake mwenyewe kuwa ni duni. Mara nyingine analipa kwa mkono wake, kama yule mtoto wa tela, naye hana khiyari ya kurudisha.

Tunajua kisa cha Bwana Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni penye fungu la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye nafaka akasema ni mvua iliyoipata. Akaulizwa kwa nini basi asiiweke ile iliyorowa juu, watu wakaiona, na akaambiwa kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja nasi. Mtu yule hakusema neno la uwongo. Nafaka yake ya juu ilikuwa kavu kweli. Kosa lake lilikuwa katika kupanga: kavu juu, mbichi chini. Na mimi hivyo hivyo. Tulikimbia kweli, tulicheka kweli, lori lilikuwapo kweli. Nikaweka kicheko juu na kaburi chini.

Tena Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Baqara, imetukataza kuficha ushahidi, na imeutaja moyo wa mwenye kuuficha kuwa ni wenye dhambi. Tumezoea kudhani kuwa ushahidi ni wa mbele ya kadhi. Lakini mzee aliyebaki ni shahidi wa kijiji chake, na pengine ndiye peke yake aliyebakia.

Wasiokuwapo barazani

Utasikia mara nyingi mtu akisema, "Sisi tulikula udongo, tulipanda miembe, tulidandia magari, na tazama, tu wazima!" Watu wote barazani huitikia, kwa sababu wote waliopo barazani ni wazima. Wale ambao wangelisema kinyume hawakualikwa, wako makaburini. Ni kama manahodha waliokusanyika bandarini kusimulia tufani: kila mmoja atakwambia tufani hupita, maana aliyezama hakuja.

Na waliozama hawakuwa wachache. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa Tanganyika, zaidi ya 200 hawakufikia umri wa miaka mitano. Utafiti wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 umeonyesha kuwa hesabu hiyo imeshuka mpaka 43. Wengi katika hao wa zamani hawakufa kwa michezo, bali kwa malaria, surua, kuharisha na maradhi mengine, hata hivyo hawapo kuhesabiwa tunaposema "sisi". Dawa ya kumkinga mtu na pepopunda ilikwisha patikana duniani tokea miaka ya 1920, lakini mpango wa taifa wa chanjo kwa watoto wetu ulianza mwaka 1975. Rafiki yangu aliitangulia kwa miaka sita. Leo mama wa Kasesya anapombeba mtoto wake mgongoni kumpeleka kliniki, ananunua kwa asubuhi moja kitu ambacho zama zetu hazikuwa nacho kwa watu kama sisi. Vipi nitamwambia mtoto huyo kuwa zamani ndiko kulikokuwa kwema?

Na hata furaha ya kifurushi ilikuwa na upande wake wa chini. Wamambwe wengi walikwenda kufanya kazi migodini, na mwanachuoni mmoja wa Kizungu, William Watson, aliandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1958. Sisi watoto tuliiona saa na suruali, hatukuona shimo zilikotoka fedha zake. Mwezi wa Septemba 1970 matope yaliingia katika mgodi wa Mufulira yakaua wachimbaji 89. Katika katalogi hakukuwa na ukurasa wa habari kama hizo.

Subira au dhiki?

Huenda ukaniuliza: je, hapakuwa na jema lolote? Watoto wa leo hubonyeza simu, fedha zikaenda kwa njia ya simu, na mzigo wa Kariakoo ukafika Sumbawanga kwa basi baada ya siku chache. Sisi tulingoja miezi. Hiyo si subira iliyopotea?

Nami nilikuwa nikisema hivyo. Lakini nikijihesabu nafsi yangu, sisi tulingoja kwa kuwa hatukuwa na njia nyengine. Mfungwa anayengoja mlango ufunguliwe hangoji kwa uchaji wake. Subira ni mtu kuwa na njia ya kulipata analolitaka kwa haraka, kwa haramu au kwa kumwumiza mwenziwe, naye akajizuia. Kwa kipimo hicho, kijana wa leo mwenye simu mkononi, anayeona vitu elfu kwa usiku mmoja asinunue hata kimoja kwa kuwa mama yake anahitaji dawa, amesubiri kuliko mimi na miezi yangu yote. Tusiite dhiki yetu kuwa ni tabia njema kwa sababu tu imekwisha pita.

Lililokuwa jema hasa lilikuwa ni amana. Kifurushi kiliandikwa "Kwa fundi cherehani, Kasesya", na kikapita mikono ya watu wengi wasiotujua. Kila kilipofika na kamba yake nzima, ilikuwa ni kwa sababu kila mmoja wao, pahali pasipo na mtu wa kumtazama, alijizuia. Hilo haliko katika zamani wala katika sasa, liko katika watu. Basi la dereva wa leo anayekabidhiwa bahasha ya mgonjwa akaifikisha lina baraka ile ile. Tukitaka kuwarithisha watoto kitu cha zama zetu, tuwarithishe hicho.

Mchezo usikatazwe

Wala mtu asinifahamu kuwa nawataka watoto wakae ndani kama kuku wa kutaga. Mchezo ni haki ya mtoto. Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini kwa Bwana Mtume (S.A.W.) siku ya sikukuu, na Bibi Aisha (R.A.) akawatazama. Mikuki ina hatari, lakini ulikuwa mchezo wa watu wanaojua silaha zao, tena mbele ya macho ya watu wazima. Na ni yeye huyo huyo aliyekataza kurusha vijiwe kwa vidole, akabainisha kuwa hakuui windo wala hakumdhuru adui, ila huvunja jino na kutoboa jicho. Manati yetu yalikuwa na hukumu yake tangu karne ya kwanza.

Basi kipimo tunacho. Hatari yenye faida, yenye mafunzo na mwangalizi, mtoto aachwe aijaribu: aogelee, apande, akimbie, aanguke na kuinuka. Hatari isiyo na faida, inayofanywa kwa kujificha, ambayo malipo yake ni jicho au roho, akatazwe, tena aelezwe kwa nini. Shirika la Afya Duniani limetangaza kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuwaua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Lori la 1969 lilikuwa moja kwa juma. Leo hapa mpakani hupanga foleni.

Niliyoyafanya

Siku ya pili yake nilikwenda kwa yule dada nikamwomba radhi, na nikamwomba ruhusa. Akanipa. Nikawakusanya wanafunzi wote, na mjukuu wake akiwemo, mkono umefungwa kwa vibanzi na kitambaa. Nikawasimulia upya habari ya lori kuanzia mwanzo, na safari hii sikuigiza. Nilipofika penye goti na maneno niliyomwambia, watoto walinyamaza kimya. Kisha mmoja, mdogo kuliko wote, akauliza: "Shehe, yeye alikuwa akipenda nini?" Nikamwambia, "Baiskeli." Hapana mtu aliyewahi kuniuliza hilo tangu afe, na mimi sikuwahi kulisema.

Tukaafikiana na wazazi. Tumewatafutia watoto uwanja mbali na barabara, na kila jioni mzee mmoja hukaa hapo kwa zamu. Wanacheza, wanaumia magoti, nasi tumewaambia neno moja ambalo ni sheria ya uwanja: mwenye jeraha ataonyesha, na atakayeonyesha hatapigwa.

Nawe, ndugu msomaji, utakapokaa barazani jioni hii na wajukuu wakakwambia, "Babu, tuambie ya zamani," au "Bibi, tuhadithie," waambie. Usiwanyime. Lakini kabla hujaanza, mkumbuke mmoja asiyekuwapo barazani pako, mtie ndani ya habari, useme na lililompata. Furaha yako haitapungua, na watoto watakuwa wamenunua kitu walichokiona pande zote mbili.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyaficha kwa utoto na tuliyoyaficha kwa utu uzima, awarehemu wenzetu waliotangulia kabla hawajawa wakubwa, na awahifadhi watoto wetu kwa hifadhi yake na kwa macho yetu. Amin.